Datawrapper, Excel au Google Sheets? Tathmini ya mchora chati wa Dodoma

Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, jirani na chuo. Nafanya fotokopi, naprinti, napiga laminesheni, nafunga ripoti kwa spairo. Lakini msimu wa utafiti ukifika, kinacholipa kodi ya fremu ni Sura ya Nne. Waliopita chuo wanaijua: sura ya matokeo, ambayo msimamizi akiifungua anataka kuona majedwali na chati. Mwanafunzi anakuja na flashi, dodoso ameshaliingiza kwenye Excel au SPSS (programu ya takwimu), anavuta kiti: "Anti, nichoree chati." Msimu wao ukipita wanakuja watu wa maofisini: mhasibu wa saccos anayejiandaa na mkutano mkuu, mwalimu mkuu mwenye kikao cha wazazi, afisa wa shirika anayetaka slaidi asubuhi na kikao ni saa nane.

Natumia programu tatu: Excel iliyomo kwenye kompyuta za dukani, Google Sheets ambayo wateja wengi wanayo kwenye simu zao, na Datawrapper, huduma ya mtandaoni ya kampuni ya Berlin iliyoanza mwaka 2012 ikiwalenga waandishi wa habari. Watu huniuliza ipi nzuri. Jibu fupi: chati ikiwa ya kwenda kwenye tovuti au slaidi, Datawrapper. Ikiwa ya kuingia ndani ya Word na kuprintiwa, Excel, ila uzijue tabia zake. Google Sheets ni ya dharura. Jibu refu ndilo hili hapa.

Mimi programu ya chati naipima kwanza kwa kile inachokupa kabla hujagusa kitu. Ukikaa nazo na kuzibembeleza, zote tatu zinachora chati za maana. Shida ni kwamba mtu hakai nazo. Anabofya, chati inatokea, ina rangi, anafurahi, anabandika. Kwa hiyo ile chati ya kwanza kutokea ndiyo itakayosimama mbele za watu, na hapo ndipo programu moja inamsitiri mtu na nyingine inamwacha aumbuke.

Chukua takwimu za sensa, maana hakuna mwanafunzi wa mipango anayezikwepa. Tangu Muungano, Tanzania imehesabu watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ya kwanza ilipata watu milioni 12.3, ya mwisho 61,741,120. Swali ni idadi imekuwa ikiendaje mwaka hadi mwaka. Swali likishakuwa la muda, jibu lake ni mstari, hapo hatubishani. Sasa chapa miaka kwenye safu ya kwanza, idadi kwenye safu ya pili, juu andika "Mwaka" na "Idadi ya watu", chagua jedwali zima na uiambie Excel ichore mstari.

Unapata mistari miwili. Mmoja unapanda, ndio watu. Mwingine umelala chini kabisa, hauna hata kilima. Ule ni miaka yenyewe: Excel imeiona 1967, 1978, ikaihesabu ni data kama data nyingine. Na kwenye mhimili wa chini, yaani ule mstari wa vipimo ukingoni mwa chati, badala ya miaka imeandika 1, 2, 3, 4, 5, 6. Nimeona ripoti zilizokwisha fungwa kwa spairo zikiwa na mhimili huo. Mwenye nayo aliufuta ule mstari uliolala, akaona mambo yamekwisha. Dawa yake ni ndogo mno. Futa neno "Mwaka" kwenye seli ya juu kushoto, acha seli tupu, ndipo uchague jedwali na kuchora. Kona ikiwa tupu, Excel inaelewa kuwa safu ile ni ya majina ya mhimili. Ukimaliza, rudisha neno lako.

Hiyo ni kero tu, na inaonekana kwa macho. Inayofuata haionekani. Chati ya mstari ya Excel, miaka ikishakaa chini, huipanga kwa nafasi zinazolingana: kutoka 1988 hadi 2002 hatua moja, kutoka 2002 hadi 2012 hatua moja. Lakini ile ya kwanza ni miaka 14 na ya pili ni miaka 10. Kati ya 1988 na 2002 Watanzania waliongezeka kama milioni 11. Kati ya 2002 na 2012, kama milioni kumi na nusu. Nafasi zikilingana, kipande cha kwanza kinakuwa na mwinuko mkali kuliko cha pili, na chini ya chati mtu anaandika kwamba watu wanaoongezeka kila mwaka walianza kupungua baada ya 2002. Wapi! Zile milioni 11 zilichukua miaka 14, yaani kama laki nane kwa mwaka. Zile kumi na nusu zilichukua miaka 10, yaani zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Namba zote kwenye chati ni sahihi, na bado chati imesema kinyume.

(Ukiuliza kwa asilimia, hilo ni swali jingine. Wastani wa ukuaji ulikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, na asilimia 3.2 kati ya 2012 na 2022. Mtu anayetaka kuongelea kasi ya asilimia achore hizo asilimia zenyewe, asitegemee wasikilizaji wazione kwenye mstari wa idadi.)

Kwenye Excel unarekebisha kwa kubofya mhimili wa chini mara mbili, kisha kwenye aina ya mhimili unachagua ule wa tarehe badala ya ule wa maandishi. Nafasi zinarudi mahali pake papo hapo. Lakini lazima ujue kwamba kuna kitu cha kurekebisha, na hiyo ndiyo hoja yangu.

Jedwali lilelile nikilibandika Datawrapper, mambo ni tofauti. Huduma ile ina hatua nne, moja baada ya nyingine: kupakia data, kuikagua, kuichora, kuichapisha. Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inakuonyesha jedwali lako na kila safu imepakwa rangi kulingana na jinsi ilivyoeleweka: namba bluu, tarehe kijani, maandishi meusi. Miaka ya sensa inatokea kijani, maana yake imetambuliwa kuwa muda, na mstari unachorwa kwa nafasi za kweli bila kuombwa. Seli ambayo haikueleweka inawekwa rangi nyekundu. Mwanafunzi aliyeandika herufi O mahali pa sifuri, au "45 tu" badala ya 45, anaikamata pale pale kabla chati haijazaliwa. Excel seli ya namna hiyo inaichora sifuri na kunyamaza.

Twende kwenye nguzo, maana huko ndiko watu wanakoumizana.

Mwalimu mkuu, nisitaje shule, alikuja na ufaulu wa mikondo mitatu: A asilimia 84, B 86, C 88. Swali ni nani kamzidi nani, kwa hiyo nguzo. Excel ikachora nguzo tatu zilizopandana ngazi, na ile ya C ilikuwa mara tatu ya A. Angeipeleka vile kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wa mkondo A angetafutiwa uhamisho. Sababu iko kwenye mhimili wa kushoto: ulianzia 82. Excel ina kanuni yake, na Microsoft wameiandika wazi: tofauti kati ya namba kubwa na ndogo ikiwa chini ya takriban sehemu moja ya sita ya ile kubwa, mhimili unapandishwa juu ya sifuri wenyewe. Ukitoa 82, A inabaki na 2 na C inabaki na 6. Ndio hiyo mara tatu.

Kwa mstari kanuni hiyo haina ubaya, kwa sababu mstari tunausoma kwa mwinuko wake. Nguzo tunaisoma kwa urefu. Ukiikata miguu, urefu hauna tena maana. Nguzo lazima ianzie sifuri, mimi kwenye hilo sina mjadala na mteja, hata akisema "sasa mbona zote zinaonekana sawa?" Zinaonekana sawa kwa sababu zinakaribiana sawa! Kwa namba tatu zinazokaribiana hivyo chati haihitajiki. Sentensi moja inatosha, na mwalimu mkuu nilimwambia hivyo, akacheka, akalipia sentensi. Nguzo za Datawrapper zinaanzia sifuri bila kuambiwa.

Sasa Sura ya Nne yenyewe. Huko ugonjwa ni pai, ile chati ya duara lililokatwa vipande.

Dodoso la kawaida la mwanafunzi lina maswali kama kumi ya "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa." Kila swali linachorewa pai yake. Pai kumi, kila moja vipande vitano, kurasa tano za rangi. Mmoja alinieleza sababu bila aibu: "Anti, msimamizi anataka ripoti ijae." Nikamuuliza, je, kati ya maswali haya kumi, ni lipi watu wamelikubali zaidi? Akaanza kufunua kurasa mbele na nyuma, kidole kwenye pai ya nne, kidole kingine kwenye pai ya tisa. Hakuweza kujibu, na data ni yake.

Nilichomchorea ni chati moja: nguzo kumi za kulala, kila nguzo imejaa hadi asilimia 100 na imegawanywa vipande vitano, kutoka "nakubali sana" upande wa kushoto hadi "sikubali kabisa" upande wa kulia. Nikazipanga, swali lililokubaliwa zaidi juu, lililokataliwa zaidi chini. Nusu ukurasa. Jibu la swali langu likawa linaonekana ukiwa umesimama mlangoni. Excel inaichora vizuri na Datawrapper inaichora vizuri, ila Excel ina kituko kimoja kwenye nguzo za kulala: mstari wa kwanza wa jedwali inauweka chini kabisa, kwa hiyo mpangilio wako wote unageuka juu chini. Bofya mhimili wa kushoto, weka tiki kwenye sehemu ya kugeuza mpangilio. Kila mteja hukasirikia hilo.

Nguzo za kulala zina faida nyingine ambayo kwa sisi tunaoandika Kiswahili ni kubwa: majina yetu ni marefu. "Umbali kutoka nyumbani hadi kituo cha afya" ukiliweka chini ya nguzo iliyosimama, programu inalipindua mshazari au inalikata katikati, na msomaji anapinda shingo. Nguzo ikilala, jina linalala nayo, linasomeka. Datawrapper ina hadi sehemu ya kuliweka jina kwenye mstari wake wenyewe, juu ya nguzo, ili hata kwenye skrini nyembamba ya simu lisibanane. Mimi jina likizidi maneno matatu, naenda kwenye nguzo za kulala moja kwa moja, sijiulizi.

Si kwamba pai ni haramu. Ilichorwa mwaka 1801 na Mskoti William Playfair, yuleyule aliyekuwa ameshatuletea chati za mistari na nguzo za mambo ya uchumi mwaka 1786. Pai yake inayojulikana zaidi ilionyesha dola ya Waturuki ilikuwa na ardhi kiasi gani Asia, Ulaya na Afrika. Vipande vitatu, vyenye ukubwa unaotofautiana waziwazi, na vyote pamoja vinafanya kitu kimoja kizima. Kwa kazi ya namna hiyo, pai iko sawa hadi leo. Inaposhindwa ni pale vipande vinapokaribiana au vinapozidi. Mwaka 1984 wanatakwimu wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio ya jinsi macho yanavyosoma chati: watu wanakisia vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, halafu urefu, halafu ndiyo pembe, na maeneo yanafuata nyuma. Pai inakulazimisha usome pembe na maeneo.

Jaribu mwenyewe kwa sensa ya 2022: wanawake 31,687,990, wanaume 30,053,130. Kwa pai unapata duara lililokatwa katikati, basi. Aliyekaa kiti cha nyuma hawezi kukuambia nani wengi. Jaribu tena Zanzibar na Bara: watu 1,889,773 kwa 59,851,347. Unapata kipande chembamba kisichotosha hata kuandikwa jina. Mara ya kwanza vipande vinafanana mno, mara ya pili vinapishana mno, na mara zote mbili ungesema tu kwa maneno ungeeleweka.

Na ukiikuta pai ya 3D, ile nene iliyolazwa mshazari, ifute. Kipande cha mbele kinaongezewa unene wa ukuta wake na kinaonekana kikubwa kuliko cha nyuma, hata kama namba ni zilezile. Excel bado inaiweka kwenye orodha. Datawrapper hawana kabisa, na hapo nawapa alama zangu zote.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa programu hawalifikirii na mimi linanikuta kila siku: fotokopi. Dukani kwangu ukurasa mweusi ni shilingi 100, wa rangi ni 500. Mwanafunzi anachora chati yenye mistari minne, nyekundu, kijani, bluu, ya machungwa, na pembeni kisanduku kinachoeleza rangi ipi ni ya wilaya ipi. Kisha anaprinti nakala tano nyeusi. Nyekundu na kijani zinatoka kijivu kimoja. Kisanduku kipo, maelezo yapo, na hakuna anayejua mstari upi ni wa Bahi na upi ni wa Chamwino. Hata bila fotokopi, wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Hao kisanduku hakiwasaidii hata ukurasa ukiwa wa rangi.

Datawrapper wanaandika jina la mstari mwishoni mwa mstari wenyewe, kwa hiyo rangi ikipotea jina linabaki. Pia wana sehemu ya kukuonyesha chati yako jinsi itakavyoonekana kwa mtu asiyeona rangi fulani, unabofya unaona. Kwenye Excel kazi hiyo unaifanya kwa mkono: futa kile kisanduku, bofya nukta ya mwisho ya kila mstari, iwekee lebo ya jina. Dakika mbili. Na kama mistari inazidi minne au mitano, majina nayo yanagombania nafasi, hapo usihangaike na rangi, paka yote kijivu na ule mmoja unaouongelea uupake rangi nzito. Wateja wa mashirika ndio wagumu kwenye hili. Wanataka rangi zote za nembo ya mfadhili zionekane.

Google Sheets sitaichelewesha. Uzuri wake ni kwamba iko kwenye simu, unaweza kuchora chati ukiwa kwenye basi la kwenda Singida na mwenzako akairekebisha akiwa Morogoro. Kwenye simu vitu vya kubadili ni vichache: aina ya chati, kichwa, rangi, mahali pa kisanduku. Kwa kuangalia data yako inasemaje kabla ya kukaa kwenye kompyuta, inatosha. Kwa Sura ya Nne, hapana.

Sasa kasoro za Datawrapper, maana nimeisifia mno. Ya kwanza ni bando. Bila intaneti hakuna kitu, na Excel inachora hata mtandao ukiwa umekatika mchana kutwa. Ya pili: akaunti ya bure inakuruhusu kuchora chati bila kikomo, lakini chini ya chati unabaki mstari mdogo unaotaja kuwa imetengenezwa na wao, na unaweza kuipakua kama picha ya PNG tu. PDF na SVG, zile zinazoprintiwa safi hata ukizikuza kuwa bango, ni za wanaolipia, na bei yake si ya steshenari. Kwa tovuti au slaidi hilo halisumbui. Kwa ripoti, msimamizi mmoja aliuzungushia ule mstari mdogo peni nyekundu na kuandika "hii ni nini?" Tangu hapo tasnifu zote nazichorea Excel, kwa kanuni nilizojifunza kule.

Ya tatu, wengine wataiita kasoro, mimi siiiti. Mtu wa kilimo anataka mvua na mavuno ya mahindi kwenye chati moja, milimita mhimili wa kushoto, tani mhimili wa kulia. Excel inampa. Datawrapper waliandika hadharani miaka mingi iliyopita kwa nini wanaipinga chati ya mihimili miwili, na nakubaliana nao: ukivuta mhimili mmoja juu au chini unaweza kuifanya mistari ikutane popote unapopenda, na msomaji ataona uhusiano uliotengenezwa na kipanya chako. Mbadala wake ni chati mbili fupi, moja juu ya nyingine, miaka ikiwa imelingana wima. Mwaka wa ukame unashuka juu, macho yanateremka, unaona mahindi nayo yameshuka au hayajashuka. Na kama unachotaka kuonyesha ni uhusiano wenyewe, mvua ikizidi mavuno yanazidi, basi acha mistari, chora nukta: kila nukta mwaka mmoja, mvua kwa chini, mavuno kwa pembeni. Wateja huziogopa nukta, wanasema watu wa kikaoni hawatazielewa. Wanazielewa, mradi nukta mbili tatu ziandikwe mwaka wake.

Jambo la data binafsi ni zito zaidi kuliko hizo kasoro. Orodha ya mishahara, majina ya wagonjwa, mikopo ya wanachama wa saccos: hivyo havipandi kwenye tovuti ya mtu yeyote kutoka dukani kwangu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, chati haihitaji majina. Mhasibu akija na jedwali la wanachama, kwanza tunalijumlisha kwenye Excel, tunabaki na makundi na jumla, ndipo tuongee habari za kuchora. Chati ikishachapishwa Datawrapper kwa akaunti ya bure, yeyote mwenye kiungo anaiona. Watu wanadhani kiungo kirefu ni kufuli.

Nimalizie na ramani, kwa sababu ndizo zinazowavuta wengi kwenye Datawrapper. Excel za karibuni nazo zinachora ramani, lakini nazo zinataka intaneti. Datawrapper wana aina mbili zinazohusika hapa: ya kupaka rangi eneo zima la mkoa, na ya kuweka duara juu ya mkoa. Watu wanachagua ya kwanza kwa sababu ni nzuri machoni, halafu wanaipakia idadi ya watu. Tabora, yenye watu 3,391,679 kwenye zaidi ya kilomita za mraba 70,000, inajaza katikati ya nchi kwa rangi nzito. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728, ni kidoa pwani ambacho inabidi ukitafute. Msomaji anaondoka akiamini Tabora ndiko kuliko na watu. Kupaka eneo ni kwa viwango: asilimia, au watu kwa kilomita ya mraba, ambapo Dar inazidi 3,000 na Tabora haifiki 50. Idadi kamili iwekee maduara, kubwa kwa wengi, dogo kwa wachache.

Na kabla hujabandika namba, itazame ramani uliyochagua, usiiamini kwa jina lake. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni mikoa ya mwaka 2012, Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mtandaoni bado zimejaa ramani za Tanzania zilizochorwa kabla ya hapo. Mimi huitafuta Songwe kwanza. Ikiwa haipo natafuta ramani nyingine, na nisipoipata kwa wakati, mteja anapewa nguzo 31 za kulala, zimepangwa kutoka mkoa mkubwa hadi mdogo. Zinaingia ukurasa mmoja wa A4, mweusi, shilingi 100.